Mita Ishirini na Tisa

Kwetu Uporoto hakuna mita thelathini za tambarare.
Ukitoka mlangoni unashuka, usiposhuka unapanda.
Hata kuku wetu wana mguu mmoja mfupi,
alikuwa akisema Ambakisye, na watoto wakaamini.

Ndiyo maana korido ya hospitali Mbeya
ilinichekesha kwanza: imenyooka kama rula,
koni nyekundu huku, koni nyekundu kule,
na kijana Lugano, saa mkononi,
akinifundisha kutembea.
Mimi, niliyepandisha debe la viazi
toka bondeni hadi barabarani Isyonje,
mtoto mgongoni, umbea mdomoni.

“Mama, usikimbie. Usiongee. Ukichoka simama,
egemea ukuta, lakini saa haitasimama nawe.”
La mwisho alilisema polepole, kama anaomba radhi.

Kibanio kidoleni. Raba za mjukuu wangu Atupele,
zinabana, maana miguu siku hizi inavimba,
ukibonyeza, shimo linabaki
kama kwenye donge la ngano.

Nikaenda.
Koni ya huku, koni ya kule.
“Unaendelea vizuri. Zimebaki dakika tano.”
Sauti ileile, maneno yaleyale kwa kila mgonjwa;
nadhani wamekatazwa kutushangilia.
Safari ya nne moyo ukaanza kupiga hodi
upande usio na mlango.
Ya sita nikaegemea ukuta, chini ya bango la chanjo,
nikahesabu pumzi kama mtu anayehesabu chenji gizani.
“Zimebaki dakika mbili.”
Nikaenda.

“Simama hapo hapo ulipo.”

Si kwenye koni. Katikati, mahali pasipo jina,
mguu mmoja mbele.
Akainama kuhesabu vigae
toka koni hadi ncha ya raba: arobaini.
Nikawaza, basi siku za mwizi zimetimia.
Mwaka mzima aliniibia pumzi usiku,
nami nikilala nimeketi, mito mitatu mgongoni,
nikisingizia baridi ya Julai, ukungu, moshi wa jikoni.

Mia mbili themanini na mbili.
Daktari aliitazama namba kuliko alivyonitazama mimi.
Akasema, chini ya mia tatu huwa tunapata wasiwasi.
“Wasiwasi wa nini?”
Akazungusha kalamu.
“Wa mbele.”

Nyumbani nikaipima hiyo mbele yangu kwa hatua.
Zizini inafika. Kwa Ambakisye, penye mikaratusi, inafika
na chenji inabaki.
Kanisani haifiki, kengele ndiyo inayonijia,
inavuka bonde bila kuhema.
Chemchemini inafika, ila kwenda tu;
Lugano hakunipima kurudi,
wala kupanda, wala na ndoo.

Vidonge: cha asubuhi kinanipeleka chooni mara nane,
nusu ya jioni, na chumvi marufuku.
Viazi vyangu mwenyewe, na sivijui tena ladha.

Oktoba nikarudi. Korido ileile, koni moja imepasuka,
Lugano amefuga ndevu.
“Unaendelea vizuri.”
Safari hii bango la chanjo nililipita tu,
nikalisoma hadi mwisho wakati wa kugeuka.
Mia tatu na kumi na moja.

Atupele akatoa kwa simu yake.
“Bibi, zimeongezeka ishirini na tisa tu!”
Tu. Mtoto wa shule huyu.

Ishirini na tisa ni toka jiwe ninalopumzikia
hadi ukingo wa shamba la juu,
pale unapoona kama majani yameanza kuungua.
Jana nimefika. Yameanza, safu ya chini yote.
Nikaketi kwenye tuta, pumzi ikarudi ilipotaka,
nikampigia muuza dawa:
lete pampu,
na mtu wa kuibeba.